Kuwazoeza Wanachuo Kutazama Amri Kabla ya Kuitekeleza

Mkufunzi wa somo la kompyuta hana budi kuwazoeza wanachuo wake jambo moja tangu mwanzo: amri isitekelezwe kabla matokeo yake hayajatazamwa. Haja hiyo huonekana zaidi katika programu zinazoendeshwa kwa makontena mengi, ambamo amri moja fupi huweza kuanzisha, kubadili au kuondoa sehemu kadhaa kwa pamoja.

Tuchukue mfano wa programu ya kutunzia alama. Kontena la kwanza lina ukurasa wa kujazia alama, la pili hufanya mahesabu, na la tatu huendesha hifadhidata. Chombo kiitwacho Docker Compose huyasimamia yote matatu kwa kufuata faili moja la maelekezo. Alama zenyewe hukaa katika ghala la data lililo nje ya makontena, ili kontena likiondolewa, alama zisalie.

Darasani kwangu mwanachuo mmoja alitaka kuisimamisha programu hiyo. Akaandika “docker compose down -v”, akidhani -v itamwonyesha toleo, kama ifanyavyo katika “docker compose -v”. Kumbe baada ya “down” herufi hiyo huamuru maghala nayo yafutwe. Kazi ya darasa ya majuma matatu ikapotea, wala hapakuwa na nakala. Kosa halikuwa lake peke yake. Mimi nilikuwa nimefundisha amri bila kufundisha namna ya kuitazama.

Tangu siku hiyo nafuata hatua nne:

1. Mwanachuo aandike daftarini anachotarajia: kipi kitaundwa, kipi kitasimamishwa, kipi kitafutwa.

2. Atumie “docker compose config” ili alione faili la maelekezo likiwa limekwisha kujazwa thamani zake.

3. Aongeze “--dry-run” mara baada ya “docker compose”, kwa mfano “docker compose --dry-run down -v”. Kompyuta itaorodhesha hatua ambazo zingefuatwa, zikiwa na alama ya maneno DRY-RUN MODE, bila kufuta chochote.

4. Ailinganishe orodha hiyo na daftari lake. Vikitofautiana, asiendelee mpaka aeleze sababu.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha somo. Mwanachuo asiyetabiri kwanza huisoma orodha kama mtu asomaye barua isiyomhusu. Aliyetabiri huiona tofauti mara moja, na huuliza mwenyewe.

Hata hivyo, wanachuo waonywe kwamba jaribio hili si ahadi ya mafanikio. Huonyesha hatua, lakini haliiendeshi programu. Nywila isiyo sahihi au kosa lililomo ndani ya programu halitafichuliwa. Wala haliwi badala ya nakala ya akiba. Nakala iwekwe kwanza, orodha isomwe, ndipo amri itekelezwe.