Mavazi ya Nchi ya Chai (2): Jaketi Jepesi na Baridi Yenye Maji

Matatu inayotoka Kisumu asubuhi kupitia Ahero na Awasi huondoka madirisha yakiwa wazi. Ikipita Kapsoit, madirisha yameshafungwa na abiria wanatafuta sweta mikobani. Kisumu iko kiasi cha mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kericho imepita mita 2,000. Kwa wastani, kila mita 1,000 mtu anazopanda hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 na nusu hivi za Selsiasi. Anayeshuka kituoni akiwa na shati la ziwani hahitaji kuelezwa hesabu hiyo mara ya pili.

Wiki iliyopita makala haya yalianzia miguuni, kwenye gambuti na soksi. Leo ni zamu ya kifua na mgongo, na hasa lile jaketi jepesi lililoshonwa vyumba vyumba na kujazwa kitu laini ndani, ambalo wauza mitumba huliita pafa. Miaka ya karibuni limeenea Kericho na Bomet kuliko vazi lingine lolote la baridi. Linavaliwa na madereva, walimu, wanariadha wanaopasha misuli moto alfajiri, na wazee ambao zamani wasingetoka bila kabuti la sufu. Wengi hulichagua kwa unene wake: lililotuna zaidi ndilo linalodhaniwa kuwa bora. Katika nchi ya chai, kipimo hicho humpotosha mnunuzi.

Sababu iko kwenye aina ya baridi yenyewe. Usiku wa kawaida Kericho hushuka hadi nyuzi 10 au 11. Hiyo si baridi ya kutisha. Linaloleta shida ni maji. Eneo hili hupata zaidi ya milimita 1,800 za mvua kwa mwaka, na halina msimu mrefu wa ukavu. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda miinuko, hupoa, kisha humwaga maji alasiri. Mara nyingi humwaga mawe: nyanda za Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 makampuni ya chai yalianza kutumia ndege kunyunyizia mawingu kemikali ili kupunguza mawe hayo. Mvua isiponyesha, umande hulala juu ya majani hadi saa tatu au nne asubuhi.

Kuna baridi ya pili, nayo husahauliwa. Januari, usiku ukiwa hauna wingu, joto la ardhi hupaa moja kwa moja na mabonde hujaa hewa baridi kabla ya mapambazuko. Januari 2012 sakitu iliunguza mashamba makubwa ya chai katika ukanda huu. Julai, mwezi unaolaumiwa kwa baridi, haufikii hapo. Huo ni mwezi wa kijivu, wa manyunyu, wa jua kuchelewa. Baridi ya Januari ni kavu, ya Julai ni mbichi, na jaketi moja linatakiwa kuzimudu zote mbili.

Jaketi halina joto lake. Mwili ndio unaochoma chakula na kutoa joto: mtu aliyeketi hutoa kiasi cha wati 100, sawa na balbu ya zamani, na anayepanda mteremko na mzigo mgongoni hutoa mara tatu au nne ya hizo. Kazi ya ujazo ulio ndani ya jaketi ni kuikamata hewa na kuituliza, kwa kuwa hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Maji hupitisha joto takribani mara 25 zaidi ya hewa. Ujazo ukilowa, mahali pa hewa panashikwa na maji, na vazi lililokuwa likimlinda mtu linaanza kumwibia joto.

Hapo ndipo aina mbili za ujazo, manyoya na poliesta, zinapoachana njia. Manyoya mororo ya kifuani mwa bata ndiyo ujazo mwepesi na wenye joto kuliko wote, na sifa zake zilipatikana penye baridi kavu. Mwaka 1922 George Finch, mkemia na mpanda milima mzaliwa wa Australia, alikwenda Everest na koti alilolibuni mwenyewe: nje kitambaa cha baluni, ndani manyoya ya bata. Mwaka 1936 Eddie Bauer wa Seattle, aliyekuwa amenusurika kufa kwa baridi katika safari ya kuvua samaki, alianza kuuza jaketi la manyoya lililoshonwa kwa mistari ili ujazo usiporomoke chini, na mwaka 1940 akapata hataza. Juu ya theluji maji yameganda. Hayapenyi kitambaa kama manyunyu yanavyopenya. Kwetu hali hiyo iko Kilimanjaro, kwenye kibanda cha Kibo, zaidi ya mita 4,700. Ndiyo maana mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro ulioko Moshi, ulioanza 2003, huwaazima wapagazi mavazi ya mlimani bila malipo: kule juu, jaketi zuri ni uhai wa mtu.

Litoe jaketi hilo la manyoya Kibo, ulilete Konoin mwezi wa Aprili. Siku ya kwanza linapendeza. Siku ya tatu, baada ya manyunyu mawili na jasho la kupanda kilima, manyoya yameshikana vifundo, vyumba vingine vimebaki nguo mbili tupu zilizogusana, na hakuna jua la kulikausha. Jeshi la Marekani lilikumbana na udhaifu huo, na miaka ya 1980 likataka ujazo wa kutengenezwa kiwandani utakaofanya kazi hata ukilowa. Nyuzi nyembamba sana za poliesta zilizotokana na utafiti huo, maarufu kwa jina la PrimaLoft, na nyingine nyingi zilizofuata, hazinywi maji kama manyoya. Ukizikamua na kuzikung'uta, sehemu kubwa ya hewa inarudi. Ni nzito kidogo na huchakaa mapema zaidi. Lakini kwa Kericho na Bomet, poliesta ndiyo chaguo la kwanza, na manyoya ni ya mwenye gari na nyumba yenye moto.

Hata poliesta haifai kuvaliwa kila saa, na hapa wachuma chai wana somo la kuwafundisha wauza mavazi. Meza ya kuchumia, yaani ule uso wa mchai uliosawazishwa, hufika kiunoni. Anayeingia shambani asubuhi halowi kutoka juu; hulowa kutoka kiunoni na kwenye viwiko, kwa umande. Ndiyo maana wachumaji hufunga aproni nzito ya plastiki mbele na kubaki na sweta au jezi ndani. Jaketi la pafa katikati ya michai lingechanwa na matawi na kunywa umande kwa mikono yote miwili, na mvaaji angetota jasho kabla ya kikapu kujaa nusu.

Saa ya jaketi huja baadaye, kwenye kituo cha kununulia majani. Mkulima wa kiwanda kilicho chini ya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, iwe Litein, Kapkoros au Mogogosiek, hufika na majani yake, kisha husubiri lori. Lori likichelewa kwa sababu barabara imeteleza, jioni huingia. Mwili uliokuwa ukitoa wati 400 sasa umesimama, nguo za ndani zina unyevu, upepo unashuka kutoka Mau. Hapo ndipo jaketi linapotolewa kwenye mfuko wa nailoni likiwa kavu na kuvaliwa juu ya vyote. Hiyo ndiyo maana ya kuvaa tabaka kwa tabaka: kila vazi lina saa yake. Wepesi wa jaketi una faida kwa sababu hiyo, kwamba linakunjika na kubebwa bila kero hadi saa hiyo ifike.

Tabaka la ngozini nalo linastahili neno. Fulana ya pamba hushika jasho na kulikalia. Jezi ya mpira ya poliesta, ile ile ya Jumapili uwanjani, hukauka ikiwa mwilini, na ni bei rahisi. Juu yake sweta ya sufu au flisi, kisha pafa, kisha koti la mvua. Watu wachache huvaa vyote vinne kwa pamoja, isipokuwa waendesha bodaboda wa alfajiri.

Hao wanapigana na upepo. Pikipiki ikienda kilomita 50 kwa saa, kifua kinapigwa na upepo wa kasi hiyo hata kama majani ya miti hayatikisiki. Waendeshaji wengi wamepata dawa yao wenyewe: huvaa jaketi kinyume, zipu ikiwa mgongoni. Wana haki kabisa, kwa kuwa zipu na mistari ya mshono ndiyo milango ya upepo. Anayenunua jaketi la bodaboda atafute lenye utepe mpana nyuma ya zipu na shingo ndefu; au avae juu yake koti jembamba lisilopitisha hewa, lililo dawa nzuri zaidi.

Sokoni, Silibwet au Kericho mjini, wanaowahi kamera, yaani uchaguzi wa kwanza beli la mitumba likifunguliwa, hupata jaketi zuri kwa bei ya chakavu wakijua la kutazama. Lebo ya ndani husema ujazo: neno la Kijerumani *Daunen* au la Kifaransa *duvet* ni manyoya. Pasipo lebo, vidole vinatosha, kwani manyoya huwa na vijiti vidogo vinavyochoma, poliesta huwa kama shuka moja. Likunjwe kwenye ngumi kisha liachwe. Lisiponyanyuka, ujazo umechoka. Liinuliwe kwenye mwanga ili sehemu tupu zionekane. Mdomo uwekwe kwenye kitambaa na kupuliza: pumzi ikipita, upepo wa barabarani utapita. Tone la maji begani likikaa duara, kitambaa bado kina kinga.

Madukani unene hutajwa kwa gramu za ujazo kwa mita mraba. Gramu 60 zinatosha Kericho mjini, Litein na Bomet. Londiani na vijiji vinavyopakana na msitu wa Mau vinastahili 80 au 100. Chepalungu, kulikoshuka na kupata joto, sweta nzuri mara nyingi inatosha.

Jaketi la poliesta lioshwe kwa maji baridi na sabuni kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo, ambayo huua kinga ya maji. Lisianikwe juu ya mafiga wala karibu na jiko la makaa. Cheche moja hutoboa nailoni, na tundu moja hufungua chumba kizima. Likikauka litundikwe, maana jaketi linalokaa miezi chini ya rundo la nguo hupoteza ujazo wake moja kwa moja. Wiki ijayo ni koti la mvua, na sababu ya makoti mengi ya aina hiyo kumlowesha mvaaji kutoka ndani.