Je, Wajua? Stering Amegeuka Adui

Mbalamwezi ikiwaka, Mwamgongo haivui. Dagaa wa Ziwa Tanganyika hufuata taa, na hakuna taa inayoshindana na mwezi mpevu. Mitumbwi hulala mchangani, nyavu hubaki zimeanikwa, na wavuvi huhamia banda la video. Usiku mmoja wa namna hiyo nami nilikuwamo, benchi la tatu, nimebanwa kati ya mtu anayetafuna muwa na spika iliyovishwa kanga isiingie vumbi. Kabla picha haijaanza, mwenye banda akapitisha simu yake tumwone Robert Downey Jr. ameshika kinyago cha chuma.

"Si Iron Man huyu?" kijana wa mbele akauliza.

"Ndiye."

"Si alikufa?"

"Alikufa."

"Sasa mbona adui?"

Mzee aliyekaa mlangoni, blanketi begani, akakata shauri bila hata kuiangalia simu: "Stering hafi, mwanangu. Na stering hageuki adui. Hiyo wameshaiharibu."

Filamu yenyewe ilikuwa haijatoka. Lakini banda zima likawaka, na picha tuliyolipia ikachelewa nusu saa. Asubuhi nilipopanda boti ya kurudi Kibirizi nilikuwa na maswali tele mfukoni. Haya hapa majibu.

Je, wajua kinachowagombanisha? Downey alikuwa Tony Stark, yaani Iron Man, kuanzia 2008 hadi Stark alipokufa kwenye Avengers: Endgame, mwaka 2019. Julai 2024, mjini San Diego, akapanda jukwaani na joho la kijani, akavua kinyago: sasa ni Doctor Doom. Avengers: Doomsday, iliyokuwa itoke Mei 2026, ikasogezwa hadi Desemba 18, 2026, na muda wote huo mashabiki wanavutana. Wako wanaosema Doom yupo tangu 1962, ana nchi yake ya kubuni iitwayo Latveria, ana kisa chake, hana haja ya kuazima sura ya marehemu. Wako wanaosema mwigizaji mzuri mvishe nguo yoyote, atacheza. Mimi naegemea kwa wa kwanza, kwa sababu ndogo tu: Doom ni mtu wa kuficha uso. Unamlipaje mtu kwa uso wake, kisha uufunike kwa chuma?

Je, wajua Superman alikuwa hapai? Alipotokea mara ya kwanza kwenye Action Comics namba 1, mwaka 1938, alikuwa anaruka tu kama panzi, mita 200 hivi kwa mruko mmoja. Kupaa kulikuja baadaye, redioni na kwenye katuni za sinema za miaka ya 1940. Na lile jiwe la kryptonite linalomlegeza? Nalo lilizaliwa kwenye mchezo wa redio, 1943, likaingia kwenye vitabu vya katuni miaka 6 baadaye. Leo mwongozaji akiliacha, ataambiwa ameidharau asili.

Je, wajua kwamba sisi jiwe hilo tulikuwa nalo zamani? Sindano ya shaba. Fumo Liongo, jabari wa mwambao wa kaskazini, mkuki haukumpata, mshale haukumpata. Siri yake ilikuwa kitovuni. Aliyemchoma alikuwa damu yake mwenyewe, na hapo ndipo wasimulizi wanapogawanyika: Muhamadi Kijumwa, aliyeutunga utendi wake 1913, anasema ni mwanawe, na wengine wanasimulia kuwa ni mpwa wake. Usione ni tofauti ndogo. Mwana akimuua baba ni usaliti wa nyumba. Mpwa akimuua mjomba, wapo watakaoanza kuuliza nani alikuwa arithi. Lakini wote wanapatana kuhusu kisimani: Liongo alikwenda kufia hapo, akapiga goti, upinde mkononi, na watu wa mji wakakaa na kiu kwa kumwogopa maiti. Mwongozaji atakayeipiga filamu hiyo akalikata goti lile, mimi mwenyewe nitaandamana.

Je, wajua neno "stering" limetoka wapi? Ni yale maandishi ya mwanzo wa filamu, "starring", yanayotaja waigizaji wakuu. Banda likayasoma kwa matamshi yake, neno likawa cheo cha mtu: stering, na mbele yake adui. Cheo kikaja na katiba yake, ambayo ibara ya kwanza ni kwamba stering hafi.

Je, wajua kuwa mabadiliko makubwa kuliko yote hufanyika humu humu bandani? Tanzania ilikuwa na Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili sauti ikiwa imewekwa juu ya mkanda. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana ma-VJ, VJ Jingo akiwa mmoja wa wanaojulikana zaidi. Hawa hawatafsiri tu. Wanampa adui jina la mtaani, wanamkemea stering akikawia kupiga, wanaweka utani pale mwandishi aliponyamaza. Niliwahi kusikia picha ya Kichina ambamo kikosi kizima cha wauaji kiliitwa "mgambo wa jiji", na sijawahi kuona watazamaji wakifurahia vifo kiasi kile. Hakuna aliyelalamika kwamba hadithi imeguswa. Ukimwonesha mtu wa Mwamgongo picha ile ile bila msimulizi, atakuambia imekatwa.

Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano ya mwaka 2010 iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, na Isaac Nabwana, inajulikana duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake, akishangilia na kupiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho. Mfukuze VJ Emmie uone kitakachobaki.

Je, wajua Wakanda iko jirani? Ramani za vitabu vya Marvel huiweka Afrika Mashariki, pande za Ziwa Turkana. Hapo ndipo ugomvi wetu na Black Panther ya 2018 ulipo: nchi iko kwetu, lugha imetoka Afrika Kusini. Sababu ni mzee mmoja. John Kani, aliyecheza Mfalme T'Chaka kwenye Captain America: Civil War ya 2016, ni Mxhosa, akapendekeza aseme na mwanawe, T'Challa, kwa lugha yake, Chadwick Boseman aliyemcheza mwana huyo akajifunza maneno, na Kixhosa kikawa lugha ya taifa zima la Wakanda. Neno la mzee mmoja kwenye seti likashinda jiografia. Sisi tuliambulia jina la kabila la M'Baku, Jabari, ambalo kila Mswahili analielewa bila mkalimani, na uzinduzi wa Kisumu, Februari 2018, kwa heshima ya Lupita Nyong'o, ambaye baba yake, Anyang' Nyong'o, alikuwa gavana wa kaunti hiyo.

Na je, wajua T'Challa, ndiye Black Panther mwenyewe, aliwahi kubadilishwa jina akarudishiwa? Alitokea Julai 1966. Oktoba mwaka huo huo, California, kikaanzishwa chama cha Black Panther, na kufikia 1972 waandishi wakaona waepushe shari: wakamwita Black Leopard. Halikudumu. Kwa Kiswahili wangejisumbua bure, maana yote mawili ni chui. Aliyetaka kumwona Black Panther wa kweli hakuhitaji kwenda sinema: Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa chama hicho Kansas City, alihamia Tanzania miaka ya 1970 na kuanzisha kituo cha jamii Imbaseni, nje kidogo ya Arusha.

Kisha ikaja ile iliyouma. Boseman alifariki Agosti 28, 2020, kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka 43. Marvel wakatangaza kwamba hakuna atakayevaa viatu vyake. Makumi ya maelfu ya mashabiki wakatia saini ombi la kutaka T'Challa apewe mwigizaji mwingine, na hoja yao haikuwa ya kitoto: aliyekufa ni Boseman, T'Challa ni mali ya watoto wanaohitaji kumwona mfalme mweusi akiendelea kuishi. Ryan Coogler akaifungua Black Panther: Wakanda Forever, Novemba 2022, kwa mazishi, na uchui akamkabidhi Shuri, dada wa marehemu. Katika filamu hiyo hiyo Namor, aliyezaliwa vitabuni 1939 na kujulikana kama mtawala wa Atlantis, akahamishiwa ufalme wa Talokan wenye asili ya Wamaya. Mabadiliko makubwa hayo, lakini manung'uniko yalikuwa machache. Watu walikuwa na msiba.

Nilipouliza bandani, jibu lilikuja haraka kutoka benchi la nyuma: kiti cha mfalme hakilali wazi, wangemweka mwingine. Mama muuza karanga akamkata: "Wewe mkeo akifa utaleta mwingine kesho yake umwite kwa jina lile lile?" Sijasikia hoja nzuri kuliko hiyo kutoka kwa yeyote aliyetia saini.

Je, wajua mashabiki waliwahi kumuua stering kwa simu? Mwaka 1988 wachapishaji wa Batman waliweka namba mbili za simu za kulipia: moja Robin wa pili, Jason Todd, apone, nyingine afe. Waliotaka apone walikuwa 5,271. Waliotaka afe, 5,343. Kijana akazikwa kwa kura 72. Ilipofika 2005 akafufuliwa, kwa hiyo yule mzee wa mlangoni bado hajashindwa.

Je, wajua Michael Keaton alikataliwa? Alipotangazwa kuwa Batman, inasimuliwa kwamba barua kama 50,000 za kupinga zilimiminika Warner Bros., maana alijulikana kwa vichekesho. Filamu ikatoka 1989, na leo wapo wanaoapa kwamba Batman ni Keaton, wengine wote ni wageni.

Mashabiki wa Sonic, mhusika wa michezo ya video, ndio waliosikilizwa upesi. Trela ilitoka mwishoni mwa Aprili 2019, watu wakayakataa meno yake ya kibinadamu, akachorwa upya, na filamu ikasogezwa hadi Februari 2020.

Je, wajua Tarzan alikuwa msomi? Kwenye vitabu vya Edgar Rice Burroughs alijifundisha mwenyewe kusoma, na lugha ya kwanza ya kibinadamu aliyoizungumza ilikuwa Kifaransa. Sinema ya 1932 ikamfanya mtu wa kugugumia maneno mawili matatu. Sokwe wake Cheeta naye ni nyongeza ya sinema, vitabuni hayumo. Nakueleza haya kwa kuwa kusini tu ya Mwamgongo ndiko kuliko na sokwe wenyewe, Hifadhi ya Gombe, alikofika Jane Goodall Julai 14, 1960. Alikuwa msomaji wa Tarzan tangu utotoni, na hadi uzeeni alipenda kutania kwamba yule bwana alioa Jane asiye.

Je, wajua Kenya ilitengeneza filamu ambamo stering anakufa na hakuna aliyedai fedha yake? Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018. Jo ana miaka 9, ni mgonjwa asiyepona, na anaota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Kijiji kizima kinaungana kumdanganya kwa upendo, kisha kinampigia filamu yake. Ilioneshwa Berlin mwaka huo. Ikifika bandani kwenu, kaeni na leso.

La mwisho ni la nyumbani. Mwaka 1935 C. S. Forester alitoa riwaya, The African Queen: Vita Kuu ya Kwanza, boti chakavu, na meli ya Kijerumani inayotawala ziwa. Katika riwaya boti inazama kwa dhoruba kabla ya kuifikia meli, na kazi ya kuizamisha wanaifanya Waingereza. John Huston alipoipiga filamu, 1951, akaona mwisho huo hautauza. Akaifanya meli iyagonge makombora ya ile boti iliyozama, ilipuke, na Humphrey Bogart aogelee zake na mkewe. Bogart akapata Oscar. Hata ziwa letu hawakulikanyaga, picha zilipigwa Kongo na Uganda.

Meli iliyompa Forester wazo hilo ilikuwa Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg 1913, ikafunguliwa na kupakiwa kwenye makasha, ikaletwa hadi mwisho wa reli na kuungwa upya Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Haikupigwa na boti yoyote. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, karibu na mdomo wa Malagarasi, mitambo ikiwa imepakwa grisi kwa matumaini ya kuirudia. Waingereza wakaiopoa 1924. Mei 16, 1927 ikang'oa nanga tena, kwa jina la Liemba.

Adui wa Hollywood, basi, ndiye aliyebeba abiria, magunia na dagaa wakavu wa mwambao huu kwa miongo na miongo, na mzee wa mlangoni anasema alipanda akiwa kijana, akaenda nayo mpaka Kasanga.