Siku ya Mtoto Iwe na Utaratibu

Katika Sekta ya Cyanzarwe, Wilayani Rubavu, mama huamka kungali giza. Mashamba ya viazi, karoti na vitunguu hayangoji, na soko halimsubiri aliyechelewa. Ndipo linapozuka swali ambalo tumeona vema kulijadili leo: mama akishika jembe au akijitwika kapu, siku ya mwanawe ambaye hajatimiza miaka mitatu huendeshwa na nani, na kwa mpango gani?

Swali hili si dogo. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2014-2015 ulionyesha kwamba watoto 38 katika kila 100 wa Rwanda walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Ule wa 2019-2020 ulionyesha kuwa wamepungua hadi 33, lakini Jimbo la Magharibi, ambamo Rubavu imo, lilizidi wastani huo. Nayo ardhi yetu hii ya volkeno ina rutuba ya kusifiwa! Ni kweli kwamba maradhi na maji machafu yana sehemu yao katika kudumaza watoto. Hata hivyo, ghala lililojaa si tumbo la mtoto lililoshiba. Chakula kisichomfikia kwa wakati wake ni kama hakipo.

KICHANGA SI KURUTA

Sisi tulio jeshini tumefundwa kuamka kwa baragumu na kula kwa saa. Pengine msomaji atatazamia tuwashauri akina mama wafanye vivyo hivyo kwa watoto wao. La, hasha! Kichanga si kuruta. Tumbo lake ni dogo mno, hivyo hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kati ya mchana na usiku. Hulala saa 14 hadi 17, lakini kwa vipande vipande, wala hajui kutofautisha usiku na mchana mpaka afikie kama miezi miwili au mitatu. Katika muda huo mama ndiye amfuataye mtoto, wala si mtoto amfuataye mama.

Hata hivyo mafunzo yaweza kuanza polepole, na saa ya ukutani si lazima. Huku kwetu, karibu na Ikweta, jua huchomoza na kutua karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Basi mchana dirisha lifunguliwe, mtoto asemeshwe na kuchezeshwa. Usiku anyonyeshwe kwa mwanga hafifu, bila mazungumzo, kisha alazwe chali. Baada ya majuma kadhaa mwili wake utaanza kuitambua tofauti hiyo.

MILO BAADA YA MIEZI SITA

Hadi atimize miezi sita, maziwa ya mama yanamtosha. Hata maji hayahitaji. Kuanzia hapo, ratiba huwa jambo la lazima. Wataalamu wa afya wanaagiza milo miwili hadi mitatu kwa siku kwa mtoto wa miezi sita hadi minane, na milo mitatu hadi minne kuanzia miezi tisa hadi miaka miwili, huku akiendelea kunyonya.

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapojikwaa. Watu wazima waweza kula mara mbili kwa siku na kuendelea na kazi. Mtoto hawezi, kwani tumbo lake halibebi akiba ya kutwa. Akiachiwa uji mwepesi asubuhi, kisha akangoja chakula cha usiku ambacho huenda kikamkuta amekwisha lala, siku yake imepotea. Ikirudiwa hivyo kwa miezi mingi, hasara yake huonekana katika kimo na hata katika akili.

Mpango unaowezekana ni huu: anyonyeshwe na kupewa uji mzito kabla ya mama kuondoka, mlezi ampe mlo wa mchana jua likiwa utosini, mama arejeapo amnyonyeshe kabla ya kushika kazi nyingine, na chakula cha jioni kitengwe mapema kwa bakuli lake mwenyewe. Sambaza wa Ziwa Kivu waliokaushwa na kusagwa, maharage yaliyopondwa, parachichi, mboga na yai vyote vyafaa katika bakuli hilo.

MGONGONI NA MKEKANI

Mbeleko ni kitu chema. Humpa mtoto joto na utulivu. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri mtoto asifungwe mahali pamoja, hata mgongoni, kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Asiyetambaa bado alazwe kifudifudi akiwa macho, akiangaliwa, jumla ya nusu saa kwa siku. Hivyo mama aliye shambani na achukue mkeka. Kila apumzikapo, mtoto naye ashushwe anyooshe viungo.

JIONI ISIYOBADILIKA

Mwaka 2009 Jodi Mindell wa Marekani na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu akina mama 405 na watoto wao. Waliofuata mpango uleule kila jioni, yaani kuoga, kupakwa mafuta na kutulizwa, waliona watoto wao wakilala upesi na kuamka mara chache zaidi usiku. Bibi zetu hawakuhitaji kuambiwa haya; bembelezi zao zilikuwa na saa zake. Kwa kuwa jioni zetu ni za baridi, mtoto aogeshwe jua lingalipo. Jiko la makaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, kwani moshi wake usioonekana huua.

MLEZI WA PILI

Utaratibu unaojulikana na mama peke yake huvunjika mara avukapo kizingiti. Baba, nyanya na kila anayeachiwa mtoto sharti waujue. Wala isiwe desturi kumtoa binti shuleni ili alee mdogo wake. Huko ni kumnufaisha mmoja kwa kumdhulumu mwingine. Umugoroba w'Imiryango ni baraza linalofaa majirani kupeana zamu, na akina baba wasikose kuhudhuria.

Katika shughuli za ushirikiano na wananchi za mwaka 2024 na 2025, Jeshi na Polisi walijenga vituo vya malezi ya awali katika sehemu mbalimbali za nchi. Kazi hiyo ni njema, lakini kuta hazikorogi uji. Mtoto huja kituoni akitoka nyumbani, na jioni hurejea nyumbani.

Kwa hiyo twawasihi wazazi wa Cyanzarwe waanze na mambo matatu wasiyoyabadili: mlo wa mchana, kuoga jioni na saa ya kulala. Siku za kupanda, siku za kuvuna na siku za soko hazifanani. Mambo hayo matatu yafanane siku zote, awe mama yupo au hayupo.