Kupima Dawa kwa Masikio na Vidole

Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Kazi yake moja ni kutengeneza insulini, inayoiwezesha sukari ya damu kuingia katika seli. Insulini ikikosekana, au isipofanya kazi vizuri, sukari huzidi katika damu. Huo ndio ugonjwa wa kisukari.

Sukari ikizidi kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho, na mgonjwa aweza kupofuka. Hapo hupatwa na shida ya pili, kwa maana dawa yenyewe hupimwa kwa macho. Bomba la sindano lina mistari myembamba, na mililita moja ya insulini ya kawaida ina yuniti 100. Yuniti chache zikizidi, sukari hushuka mno. Mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, hata huzimia.

Tuseme bibi mmoja wa Rhotia, wilayani Karatu, haoni. Ana chupa mbili za insulini: moja hufanya kazi upesi, nyingine polepole. Akizipapasa, zote ni sawa. Mjukuu wake aweza kuvisha mpira mwembamba kwenye chupa moja. Alama hiyo haina gharama, nayo ni bora kuliko kukumbuka ipi iliwekwa kushoto.

Kipimo je? Mwaka 1985 kampuni ya Novo ya Denmark ilitoa kalamu ya insulini. Kalamu nyingi za leo hulia kidogo kwa kila yuniti kitufe kinapozungushwa. Hata hivyo watengenezaji huonya kwamba asiyeona asiitumie bila msaada wa mtu aliyefundishwa. Wana haki, kwa sababu mlio huo hauonyeshi kama sindano imeziba.

Ziko pia mashine za kupima sukari zinazotamka jibu; lakini mashine isemayo lugha asiyoijua bibi haimfai. Huko Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2004 yaagiza jina la dawa liandikwe kwa nukta nundu juu ya boksi. Ni jambo jema, ingawa aliyepofuka ukubwani huenda hakujifunza kusoma nukta hizo.

Jaribio: Chukua chupa mbili tupu zilizo sawa, zisiwe za dawa. Tia maji katika moja na maji ya chumvi katika nyingine, kisha uzifunge. Fumba macho, mwenzako azichanganye. Je, waweza kuzitambua? Vika mpira chupa moja, ujaribu tena. Kama chupa zingekuwa tatu, ungetia alama gani?