Mshauri mmoja akizidiwa, kazi amkabidhi nani?

Mshauri nasaha mmoja anaweza kusikiliza watu wangapi kwa siku? Akimpa kila mtu saa nzima, watano au sita wakishaondoka jioni imefika, na kichwa chake kimejaa. Wa saba ataambiwa arudi kesho. Kama ametoka Rubafu kwa nauli ya kukopa, huyo harudi.

Hapo kiongozi wa huduma analazimika kuamua: aendelee kushika kila kitu mwenyewe, au akasimu kazi kwa wengine?

Mfano tunao Muleba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na baadaye nyumba nyingi zikabaki na bibi na wajukuu. Mwaka 1997 ukaanza mradi wa Humuliza huko Nshamba, ukisaidiwa na shirika la Terre des hommes la Uswisi. Waanzilishi wake, akiwemo Mswisi Kurt Madörin, wangeweza kufungua ofisi na kusubiri yatima waletwe. Badala yake waliwafundisha walimu wa shule namna ya kumsikiliza mtoto aliyefiwa, na kumtambua yule anayenyamaza darasani kwa majonzi wakati wenzake wanamwona mzito. Mwalimu yuko na mtoto huyo karibu kila siku; mshauri wa mjini angemwona mara moja kwa mwezi.

Mwaka 2000 wakapiga hatua ngumu zaidi: yatima wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, kikiongozwa na vijana wenyewe. Tukumbuke hapa ni Buhaya, ambako mtoto kuendesha kikao si jambo la kuzoeleka.

Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, katika wilaya za Rakai na Masaka, mwaka 2002 watafiti walijaribu tiba ya mazungumzo kwa vikundi katika vijiji 30 vya watu wenye sonona. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliosoma sekondari, wakafundishwa kwa wiki mbili. Wanaume waliongozwa na mwanaume, wanawake na mwanamke. Walikutana saa moja na nusu kila wiki, kwa wiki 16, wakizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Mwanzoni watu 86 kati ya 100 kwenye vikundi walikuwa na sonona kali; mwishoni walibaki chini ya 7. Katika vijiji visivyopata tiba, zaidi ya nusu walibaki nayo.

Kwa maoni yetu, vituo vingi hukwama kwa sababu hugawa kazi bila kugawa madaraka. Msaidizi anapewa vikundi vitatu, lakini hawezi kubadili siku ya kikao mpaka apige simu mjini. Ukiwapangia wavuvi wa dagaa kikao usiku wa giza, utakaa na viti vitupu, kwani usiku huo wako ziwani na taa zao. Mbalamwezi ikiwaka, wako nyumbani. Hilo mwenyeji analijua bila kuuliza, basi ratiba iwe yake.

Yapo ambayo kiongozi asiyaachie. La kwanza ni kuchagua nani aongoze kikundi: cheti kizuri hakisaidii kama mtu hawezi kutunza siri, na kijijini siri ikivuja mara moja kikundi kimekufa. La pili ni kukaa na waongozaji hao kila wiki, kusikia walichokutana nacho, maana nao hubeba mizigo ya watu.

La tatu ni hatari. Mshiriki akisema anataka kujiua, mwongozaji asibaki na neno hilo peke yake wala asingoje kikao kijacho. Ampigie msimamizi siku hiyo hiyo, na mshiriki asiachwe peke yake mpaka afikishwe kituo cha afya au hospitali.