Picha za Vifaa vya Reli Vilivyotelekezwa: Emali na Hatima ya Istilahi

Utangulizi

Emali ni mji wa biashara katika Kaunti ya Makueni, mahali ambapo barabara ya kwenda Oloitokitok huachana na barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Mji huu unapitiwa na reli kongwe, ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,000. Mnamo tarehe 31 Mei 2017 ilizinduliwa reli mpya yenye upana wa milimita 1,435, nayo pia ina stesheni Emali. Mwaka huohuo, safari za abiria kati ya Nairobi na Mombasa katika reli kongwe zilikoma.

Reli inapopungukiwa na kazi, vifaa vyake huanza kuachwa kando ya njia vikashikwa na kutu. Wapo wapigapicha wanaovifuata huko. Makala haya yanaeleza namna picha zao zinavyoweza kuwa kumbukumbu ya kuaminika, na nafasi ya Kiswahili katika kazi hiyo.

Chuma kama matini

Msomaji wa fasihi amezoea kuchunguza muswada: uliandikwa lini, na nani, na ukapitia mikono ya nani. Chuma cha reli nacho husomwa vivyo hivyo. Aghalabu ubavuni mwa reli huwa na herufi zilizoinuka, zinazotaja kiwanda na mwaka. Jua la saa sita mchana huzififisha herufi hizo. Jua la asubuhi au la alasiri huziangukia kwa upande, kila herufi ikapata kivuli chake na kusomeka.

Mabehewa nayo hubeba historia katika rangi yake. Herufi K.U.R. ni za Reli ya Kenya na Uganda, kabla ya mwaka 1948. E.A.R. ni za Reli ya Afrika Mashariki, iliyounganisha pia Tanganyika, na ambayo ilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Baada ya hapo ndipo Shirika la Reli la Kenya lilipochukua nafasi yake. Behewa moja huweza kuwa na herufi za nyakati mbili, za zamani zikichungulia chini ya rangi mpya. Hivyo basi, mpigapicha hapaswi kukwangua kutu wala rangi.

Kwa kila kifaa, picha tatu hufaa: ya mbali inayoonyesha mahali, ya kifaa kizima, na ya karibu inayoonyesha maandishi, rula ikiwa imewekwa kando. Idhini ya wenye reli ni lazima itafutwe kwanza. Isitoshe, njia inayodhaniwa kuwa imelala huenda ingali na garimoshi la mizigo. Si mahali pa kusimama.

Istilahi na asili yake

Picha isiyo na maelezo ni bubu. Je, maelezo hayo yaandikwe kwa maneno gani? Kiswahili kina hazina yake. *Taruma* ni neno la mabaharia: lilitaja mbao zinazoimarisha mwili wa chombo, kisha likapewa vipande vinavyolalia chini ya reli. *Behewa* lilikuwa ukumbi wa ndani katika nyumba za pwani kabla ya kuwa chumba kinachovutwa na injini. *Garimoshi* limeendelea kutumika ingawa injini za dizeli zilichukua nafasi ya zile za mvuke. Kwa hiyo, taruma la chuma lililolala Ukambani ni ushahidi wa safari ya neno kutoka baharini hadi bara.

Hatari iliyopo

Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yamehifadhi injini kubwa kama nambari 5918, iliyopewa jina la Mlima Gelai. Injini hiyo ni miongoni mwa 34 za aina yake zilizoundwa na Beyer, Peacock mjini Manchester katika miaka ya 1950. Vifaa vidogo havina bahati hiyo. Vingi huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, biashara ambayo serikali iliisimamisha kwa muda mwezi Januari 2022 kutokana na hujuma dhidi ya miundombinu. Chuma kikishayeyushwa, hakuna atakayesoma mwaka wake tena. Nao wazee waliofanya kazi relini, wanaojua jina la kila kifaa na kazi yake, wanazidi kupungua.

Hitimisho

Kazi hii inawafaa wanafunzi wa Kiswahili hata pale wasipokuwa na kamera za thamani. Picha ipigwe, kisha ipelekwe kwa mzee aliyekitumia kifaa. Jina atakalolitaja liandikwe pamoja na mahali na tarehe. Orodha itakayopatikana itakuwa kamusi ndogo yenye ushahidi wa macho. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la mali hii bado halijajazwa.