Simu ina megapikseli 200, kamera ina 24: swali ambalo limenichosha

"Mwalimu, simu yangu ina megapikseli 200, na hiyo kamera unayonishauri ina 24. Sasa nilipe pesa nyingi ili nipate pungufu?"

Nimeulizwa hivyo mara tatu ndani ya wiki moja: darasani, kituo cha daladala, na juzi ukumbini, kamera ikiwa mkononi mwangu na maharusi ndiyo kwanza wanaingia. Ninafundisha upigaji picha hapa Dar es Salaam na nimeshajibu kwa mdomo vya kutosha. Leo naliandika jibu, na atakayeniuliza tena nitamkabidhi ukurasa huu asome mwenyewe.

Muulizaji simlaumu. Tangazo la simu linaanza na namba hiyo, boksi limeandikwa namba hiyo, na muuzaji wa Kariakoo akibanwa aeleze tofauti ya simu mbili hutaja namba hiyo hiyo. Miaka nenda miaka rudi mnunuzi amefundishwa kipimo kimoja tu, na kipimo chenyewe hakipimi kile anachokitafuta.

Megapikseli ni hesabu ya vipande. Kihisi cha kamera ni bamba dogo linalopokea mwanga, na megapikseli zinakwambia bamba hilo limekatwa vipande milioni ngapi. Ukubwa wa bamba hazikwambii. Mwanga ulioingia hazikwambii. Chapati ya ukubwa wa kisahani hata ukiikata vipande 200 haitawashibisha watu wengi kuliko chapati ya ukubwa wa sinia iliyokatwa vipande 24.

Tuchukue simu nzuri kabisa, isije ikasemwa nimechagua dhaifu ili nishinde. Samsung Galaxy S23 Ultra ilitoka mwaka 2023 ikiwa na megapikseli 200. Kihisi chake kikuu kina takriban milimita 10 kwa 7. Sasa chukua kamera ndogo isiyo na kioo, zile ambazo mjini tunaziita mirolesi, ya daraja la APS-C: kihisi chake ni milimita 23.5 kwa 15.6, na cha Canon ni kidogo kuliko hapo kwa tofauti ndogo. Eneo lake ni kama mara tano ya lile la simu. Na kwa kuwa simu imelikatakata eneo dogo kwa vipande vingi, pikseli moja ya kamera ya megapikseli 24 ina eneo linalozidi mara 40 ya pikseli moja ya simu. Pikseli ndogo kiasi hicho ikikosa mwanga haina taarifa ya kutoa, inabahatisha. Zile chenga unazoziona kwenye picha za usiku ndiyo matokeo ya kubahatisha huko.

Waliotengeneza simu hiyo wanayajua haya kuliko mimi. Ndiyo maana usipogusa mipangilio, simu inaunganisha pikseli 16 ziwe moja na kukuhifadhia picha ya megapikseli 12. Mwenye simu ya aina hiyo afungue galari sasa hivi, aguse picha yoyote aliyoipiga bila kubadili kitu, asome maelezo yake. Anabishana kwa 200, lakini picha za wanawe zote ni 12.

Na 12 si chache! Picha ya kuchapwa kwenye karatasi ya A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi haihitaji hata megapikseli 9. Televisheni ya 4K ina pikseli milioni 8.3 tu, kwa hiyo picha inayozidi hapo haiwezi kukuonyesha yote kwa pamoja. WhatsApp nayo huipunguza picha kabla haijaituma. Mwaka 2020 Sony walitoa A7S III, kamera ya gharama kubwa, wakaiwekea megapikseli 12 kwa makusudi, maana walitaka imudu giza na picha jongefu. Canon wana EOS R3 ya mwaka 2021, kamera ya watu wa michezo na habari, yenye megapikseli 24. Wana pia EOS R100 ya mwaka 2023, ya bei ya chini kabisa katika ukoo huo huo, nayo ina 24. Kama namba hiyo ndiyo kipimo, mbona R3 inauzwa kwa bei ya R100 nyingi?

Nikifika hapa darasani kuna anayeshika pochi akanunue kamera siku hiyo hiyo. Hapo ndipo ninapomzuia, kwa sababu amelielewa somo nusu tu na nusu hiyo itamlia pesa.

Kihisi kikubwa kinapokea mwanga ambao lenzi imeuruhusu kupita. Kamera hizi huuzwa na lenzi ya zumu iliyomo ndani ya kifurushi, ambayo tundu lake huanzia kwenye f/3.5 hivi, na ukivuta zumu linabana hadi f/5.6 au zaidi. Kumbuka namba ikiongezeka tundu linapungua. Simu niliyoitaja ina tundu la f/1.7. Ukizingatia ukubwa wa kihisi na upana wa tundu kwa pamoja, shata ikifunguka kwa muda ule ule, kamera ya APS-C yenye lenzi ya kifurushi iliyovutwa hadi f/5.6 inapokea chini ya nusu ya mwanga unaopokelewa na simu. Simu pia hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha kimyakimya. Ndiyo maana kijana hununua kamera, akaenda nayo kwenye sendofu ya dada yake, akarudi na picha za giza zenye chenga, huku simu ya shangazi yake ikiwa na picha safi. Kesho yake ananijia akitaka kamera nyingine, yenye megapikseli nyingi zaidi. Nimeyaona haya kwa wanafunzi wangu mwaka baada ya mwaka, na yananiuma, kwa sababu pesa zile zimedundulizwa.

Kijana yule angefunga lenzi ya f/1.8 kwenye kamera ile ile, mwanga ungezidi ule wa simu kwa zaidi ya mara nne. Mwili wa kamera usingebadilika, wala megapikseli zisingeongezeka hata moja.

Kabla hujaamua kununua, kagua galari yako ya miezi sita iliyopita na utafute picha zilizoharibika. Kama ziliharibika kwa giza, au kwa mwendo wa mtoto anayekimbia na mcheza ngoma, au kwa umbali wa jukwaa, kamera yenye lenzi sahihi itakusaidia. Kama ziliharibika kwa sababu mti umeota juu ya kichwa cha mtu, au umempiga mtu picha jua likiwa nyuma yake akatoka mweusi tii, kamera itanakili makosa yale yale kwa usafi zaidi. Na kama picha zako zote ni za mchana na zinaishia kwenye status, usinunue. Simu inatosha, na sisemi hivyo kukudharau.

Kwa aliyeamua, haya ni ya haraka. Canon EOS R50 ya mwaka 2023 ina gramu 375 pamoja na betri na kadi, na ina kitundu cha kuchungulia. Nikon Z30 ya mwaka 2022 ni nzuri ila haina kitundu hicho, na ufukweni saa saba mchana skrini haionekani. Sony a6000 ni ya mwaka 2014, lakini iliyotumika na kutunzwa bado inafanya kazi, na lenzi zake ni nyingi. Za Micro Four Thirds, yaani Panasonic na Olympus, zina kihisi kidogo kuliko APS-C, lakini lenzi zake ni ndogo, nyepesi na zinaazimana kati ya chapa hizo mbili. Canon EOS M na Nikon 1 ziache hata zikiwa rahisi: Nikon waliifunga ya kwao mwaka 2018, Canon mwaka 2023, na lenzi zake hazifungi moja kwa moja kwenye kamera mpya. Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani nyingi zina menyu ya Kijapani tu, kwa hiyo washa uone. Ya mtumba piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 utafute madoa, kisha mulika lenzi kwa tochi utafute kuvu. Sisi wa pwani tuhifadhi kamera kwenye kopo la plastiki lisilopitisha hewa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Betri nunua mbili, maana moja hukupa picha 300 hadi 400 hivi.

Pesa ikitosha mwili mpya na lenzi ya kifurushi tu, shuka: chukua mwili uliotumika, kinachobaki kiende kwenye lenzi ya f/1.8 au iliyo karibu na hapo. Ukifika dukani, usimuulize muuzaji megapikseli. Muulize ana lenzi gani za f/1.8 za kamera hiyo, na ni bei gani. Kama hana hata moja, toka uende duka la pili.